Mwamba Ukivunjwa, Samaki Atakaa Wapi?

(Mazungumzo na wavuvi na wakulima wa Kisorya)

Leo tunazungumza juu ya samaki na nyumba yake. Tutaanzia mbali kidogo, huko baharini. Halafu tutarudi hapa hapa kwetu ziwani.

Kila mvuvi hapa anajua kwamba furu wa mawe hakai mchangani. Ukimtaka, unamfuata kwenye mawe. Baharini nako, Mafia, Tanga na Unguja, mambo ni hayo hayo. Lakini mawe ya kule yana ajabu yake. Yamejengwa na wanyama wadogo sana waitwao matumbawe. Kila mmoja anajijengea kijumba kigumu cha chokaa. Akifa, kijumba kinabaki, na wengine wanajenga juu yake. Hivyo ndivyo mwamba unavyokua, tena pole pole mno. Kazi ya miaka mingi mtu anaweza kuibomoa asubuhi moja.

Ndani ya mwamba kuna matundu, matawi na mapango. Samaki wadogo wanajificha humo. Chewa anawavizia. Kangaja anakula mwani unaoota juu ya mawe. Kipepeo, maana kule kuna samaki aitwaye kipepeo, anadonoa matumbawe yenyewe. Ni kijiji kamili.

Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi. Sasa, tumbawe lina mimea midogo sana ndani ya mwili wake. Mimea hiyo ndiyo inayolipa rangi na chakula kingi. Joto likizidi, mimea inatoka na tumbawe linakuwa jeupe. Joto likiendelea, linakufa. Kusini mwa Mafia kuna mwamba uitwao Tutia. Matumbawe mengi ya pale yalikufa mwaka ule, ingawa mwamba umo ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995. Joto halisomi kibao cha hifadhi.

Je, samaki walikwisha? Hapana. Wataalamu waliowahesabu walikuta wameongezeka! Mwani uliota juu ya matumbawe yaliyokufa, na walaji wa mwani wakapata karamu. Lakini sikilizeni vizuri hapa. Samaki walikuwa wengi mahali ambapo mifupa ya matumbawe ilikuwa bado imesimama. Mahali ilipovunjika vipande vipande, samaki walikuwa wachache. Ni kama mwenye nyumba amefariki, lakini kuta ziko. Mpangaji anaendelea kulala. Kuta zikianguka, mpangaji atahama. Na kuta zile hazisimami milele, mawimbi yanazila.

Joto mvuvi mmoja hawezi kulizuia. Kuvunja kuta anaweza kukuacha. Pwani wapo watu waliovua kwa baruti. Baruti moja inaua wakubwa kwa wadogo, na mwamba unabaki kokoto. Wengine walichimba matumbawe kwa ajili ya kuchoma chokaa. Mahali palipochimbwa palibaki tambarare, na samaki wakapungua.

Mtasema, hayo ni ya watu wa pwani, sisi Kisorya hatuna matumbawe. Kweli hatuna. Tuna mawe ya Mungu tu, na hayavunjiki kwa urahisi. Lakini furu wetu naye ana nyumba, na nyumba yake ni mawe pamoja na maji maangavu.

Wazee wanakumbuka. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960. Miaka ya 1980 alizaana kupita kiasi, na aina nyingi sana za furu wa maji makuu zikapotea. Furu wa kwenye mawe walinusurika zaidi, maana sangara hawezi kuingia kwenye nyufa. Mmoja wao alipewa mwaka 1985 jina la kitaalamu lenye neno nyererei, kwa heshima ya Mwalimu wetu wa Butiama. Dume lake lina mgongo mwekundu. Dume la ndugu yake ni la rangi ya buluu. Majike wao wanafanana, na kila jike huchagua dume kwa kuangalia rangi.

Mwaka 1997 wataalamu walieleza jambo walilolikuta ziwani humu. Maji yakiwa tope, jike haoni rangi vizuri. Anachukua dume lolote. Watoto wanakuwa mchanganyiko, na baada ya muda aina mbili zinakuwa moja. Hakuna aliyewavua wala kuwala. Zimepotea kwa sababu ya giza tu.

Tope linatoka wapi? Linatoka mashambani. Mvua inashuka na udongo na mbolea, na mbolea inaotesha ukijani majini. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za watu za kudumu, au zinazoweza kudhuru hifadhi ya ukingo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Nalo kokoro linakokota chini, linatibua maji na kuzoa vifaranga. Hilo mnalijua, na mnajua pia usiku linavutwa wapi.

Jumamosi tutapita ufukweni na kamba ya mita 60, kuanzia mwaloni. Mwenye shamba karibu na maji asijifiche. Baadhi yetu tunaosema hapa tuna nyanya zetu humo humo, na tutaanza kupima kwetu.