Kapu Halirudi Tupu
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa Chama)



Tumeombwa tuseme neno juu ya makapu ya zawadi. Tulidhani tutaambiwa kusema juu ya mishahara, jambo ambalo kila mmoja wetu ana hotuba yake tayari kifuani. Walakini Kamati imeona kwamba kapu ni salama zaidi. Tutaona.

Desturi ya pwani yajulikana. Jirani akikuletea kapu la maembe, au sahani ya futari iliyofunikwa kwa kawa, chombo kile hakirudi kitupu. Hutiwa chochote: ndizi, mayai, hata konzi ya chumvi. Mwenye kukirudisha kitupu hatukanwi. Hutazamwa tu, na kutazamwa huko kwauma kuliko tusi. Pakacha la makuti lina huruma, maana likiisha kushusha mzigo hutupwa jaani, na deni lake twatumaini hufa pamoja nalo. Bali kapu la ukindu lina mikono miwili, lina na mwenyewe, na mwenyewe ana macho.

Bara nako vikapu vina heshima. Wanyarwanda wana agaseke, kikapu chenye mfuniko uliochongoka, ambacho hupelekwa zawadi arusini. Mwaka 2001 walikitia katika nembo ya nchi yao, karibu na ngao. Nchi nyingi hutisha watu kwa simba na mikuki. Hawa wakaona na kikapu kitafaa. Twawasifu.

Sasa tuje nyumbani kwetu. Siku moja ya mwisho wa mwezi, mshahara umekwisha kuwa hadithi, kijana alipiga hodi na kapu. Ndani mlikuwa na jogoo, pishi ya mchele, mayai 14 na nanasi. Tukamwuliza, “Nani aliyekutuma?” Akajibu, “Baba, shikamoo. Ni yule bwana wa duka aliyeleta barua ofisini.”

Ndugu zetu, barua ile twaijua. Ilikuwa ombi la leseni, nayo ilikuwa ya 19 katika zamu. Ya 18 ilikuwa ya mama mmoja mjane aliyekuja kwa miguu kutoka ng’ambo ya mto, wala hakuleta hata embe.

Bibi wa nyumba alikuwa amekwisha kumshika jogoo miguu. Tukamwambia arudishwe. Akasema, “Baba watoto, nipe sababu, tena iwe nzuri.”

Tukasema, “Kapu halirudi tupu. Hili tutalitia nini?”

Akatazama jikoni. Palikuwa na chumvi na nusu ya kitunguu.

“Hata tungekuwa na ng’ombe,” tukaendelea, “mwenye kapu hataki ng’ombe. Ataka barua yake iruke za watu 18, na zamu yao si mali yetu hata tuitie kapuni.” Iko Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, nayo ina vifungu vingi, lakini usiku ule, mbele ya jogoo, kitunguu ndicho kilichotufundisha.

Bibi akamwachilia jogoo. Jogoo, ambaye hakuisikiliza hotuba yetu, akakimbilia chini ya kitanda, akakamatwa baada ya nusu saa kwa msaada wa majirani watatu, na kila mmoja akapata nafasi ya kuuliza habari za kapu. Likarudi pamoja na vyote vilivyomo. Walakini tuliona aibu kulirudisha vile vile, kama kwamba twamfukuza mtu, basi tukatia juu yake kile kitunguu.

Barua ya mjane ilipita, na ya bwana wa duka ikapita nyuma yake. Siku hizi akitukuta sokoni hutusalimu, ila kwa mbali. Na majirani wale watatu? Waliliona kapu likiingia. Lilipotoka palikuwa giza. Hata leo tukinunua kuku kwa fedha yetu wenyewe, hutazamana.

Katibu ametunong’oneza kwamba mlangoni pana kapu la mchango wa mwenzetu aliyelazwa hospitali. Hilo halina barua ndani. Twawaomba mpite upande ule mnapotoka.