Kupogoa Hoya Bila Kupoteza Maua



Hoya ni mmea wa ndani unaotambaa, wenye majani manene na vishada vya maua yenye umbo la nyota. Wengi huulea miaka miwili au mitatu kabla haujachanua. Kisha maua yanaponyauka, vikonyo vyake hukatwa kwa nia ya kuusafisha mmea. Hapo ndipo hasara inapoanzia, kwa sababu hoya huchanua tena kwenye vikonyo vilevile. Kukata kikonyo ni kukata maua ya msimu ujao. Maua makavu yaachwe yadondoke yenyewe.

Yanayofaa kukatwa ni matawi yaliyokauka, yenye ugonjwa au yaliyorefuka kupita nafasi iliyopo. Mkasi uwe mkali, upanguswe kwa spiriti, na tawi likatwe juu kidogo ya kifundo cha jani. Tawi changa lisilo na majani lisikatwe kwa haraka. Majani hutokea baadaye.

Utomvu wake mweupe huweza kuwasha ngozi na macho, kwa hivyo mikono ioshwe baada ya kazi. Kipande kizima chenye vifundo viwili hakitupwi: kikitiwa majini au mchangani huota mizizi, na jirani akapata mche bila gharama.