Sura na Sauti: Wahusika wa Riwaya za Kisayansi Wanapoingia Katika Filamu

Katika riwaya ya Robert Heinlein, Starship Troopers, iliyotoka mwaka 1959, msomaji humfuata askari Juan Rico kwa kurasa nyingi kabla ya kuambiwa, karibu na mwisho, kuwa lugha ya nyumbani kwao ni Kitagalogi. Kwa neno hilo moja hutambulika kuwa shujaa wa vita vya angani ni Mfilipino. Filamu ya mwaka 1997 haikulibeba neno hilo. Rico alifanywa kijana wa Buenos Aires, akaigizwa na Casper Van Dien, Mmarekani mweupe. Lugha ilipoondoka, asili nayo ikaondoka.

Mfano huu umetangulizwa kwa makusudi, kwani mjadala wa wahusika katika filamu za aina hii aghalabu huishia kwenye rangi ya ngozi. Rangi ni jambo zito, na halipuuzwi hapa. Katika filamu ya Dune ya mwaka 2021, Liet Kynes, ambaye ni mwanamume katika riwaya ya Frank Herbert ya 1965, aliigizwa na Sharon Duncan-Brewster, mwanamke mweusi wa Uingereza. Hata hivyo, uso ni nusu tu ya mhusika. Riwaya ina ruhusa ambayo filamu haina, yaani ruhusa ya kunyamaza. Mwandishi aweza asiseme kamwe mtu wake anatamkaje. Mwigizaji akifungua kinywa, lafudhi imekwisha kusikika.

Kiswahili kina riwaya yake ya safari ya angani: Walenisi ya Katama Mkangi, iliyochapishwa mwaka 1995. Jina la ulimwengu ule ni sentensi nzima, wale ni sisi. Mhusika mkuu, aliyehukumiwa kufa kisha akarushwa katika chombo, anaitwa Dzombo. Mfuatano wa sauti dz haumo katika Kiswahili sanifu. Ni wa lugha za Kimijikenda. Basi mtu huyu amekwenda sayari nyingine na Pwani yake mdomoni.

Na ichukuliwe kwamba hadithi ya namna hiyo inapigiwa picha kando ya Ziwa Jipe, mpakani mwa Tanzania na Kenya, chini ya Milima ya Upare. Mandhari yatosha kuwa sayari ya mbali: maji ya kina kifupi, mafunjo yanayoyameza, na perege ambaye wanasayansi wamempa jina la ziwa lenyewe, Oreochromis jipe. Ufundi nao si mgeni huko. Milimani zimo ndiva, mabwawa ya kuhifadhi maji ya mifereji kabla ya kuyagawa mashambani. Na Ugweno ilisifika kwa Washana, ukoo wa wafua chuma, ambao Isaria Kimambo aliwaeleza katika historia yake ya Wapare ya mwaka 1969. Mwandishi wa bunilizi ya kisayansi angetaka nini zaidi?

Lakini watu wa sayari hiyo watasema nini? Eneo hilo lina Chasu, lina Kigweno, ambacho kwa nasaba ki karibu zaidi na Kichaga, na upande wa Kenya kuna Kitaveta. Mwongozaji aweza kuajiri wenyeji watupu, kisha akawasemesha wote Kiswahili kimoja cha taarifa ya habari. Sura zitakuwa za Jipe, sauti hazitakuwa za popote. Hoja ya kwamba hadhira haitaelewa ni dhaifu. Maandishi ya tafsiri chini ya picha yamezoeleka siku nyingi.

Pumzi ya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2009, haikutokana na riwaya, na wahusika wake huwasiliana kwa mashine inayotamka Kiingereza. Hata hivyo mbegu iliyo kiini cha hadithi imeitwa Maitu, neno la Kikikuyu lenye maana ya mama. Neno moja, tena, kama lile la Rico; safari hii halikufutwa.

Atakayempeleka Dzombo kwenye skrini atakutana na suala hili tangu jina la kwanza: mwigizaji atamke dz, au aiache igeuke j, kama mlima wa Kwale wenye jina hilo unavyoandikwa mara nyingi, Jombo?