Mtoto Asishindiliwe Chakula



Katika nyumba nyingi mtoto anayekataa uji hubanwa pua mpaka ameze. Mzazi hafanyi hivyo kwa ukatili. Anachelea mwanawe asije akadhoofu. Lakini mtoto aliyekabwa jana, leo hulia akiiona sufuria tu.

Wapo watoto ambao kukataa kwao si deko. Harufu au mlainiko wa chakula huwatisha kweli, na tangu mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani wameiorodhesha hali hiyo, inapodhuru afya, miongoni mwa maradhi ya ulaji. Mtoto kama huyo akipungua uzito apelekwe kliniki, asichapwe.

Ellyn Satter, mtaalamu wa lishe wa huko huko Marekani, aliigawa kazi hii: mzazi aamue chakula gani, saa ngapi na mahali gani, mtoto aamue kula au kutokula, na kiasi gani. Basi ugali na mchicha viwekwe mbele yake pamoja na kile alichokizoea, hata kikiwa kiazi kitupu. Akiugusa mchicha kwa kidole na kuuacha, hiyo nayo ni hatua; huenda akauona mara kumi au zaidi kabla ya kuuonja. Akina bibi watanung'unika kwamba anadekezwa. Wavumiliwe, ila kijiko wasikabidhiwe.