Astigmatizimu katika Ukoo: Kwa Nini Miwani ya Babu Haimfai Mjukuu



Katika nyumba zetu za Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Pangani, si jambo geni miwani ya babu kumwendea mjukuu anayelalamika kuumwa kichwa akisoma. Sababu inayotolewa ina mantiki yake: hawa ni damu moja, basi na macho yao ni mamoja. Damu ni moja kweli. Macho ndiyo nataka tuyaangalie.

Astigmatizimu huja pale kioo cha jicho, yaani konea, kinapopinda zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Mwanga hautui mahali pamoja, na herufi hutawanyika kuelekea upande fulani. Darasani mtoto hubana macho au huinamisha kichwa akitazama ubao. Madrasani dalili hujificha zaidi, kwa kuwa nun na ta katikati ya neno hutofautishwa na nukta tu. Nukta moja ikitawanyika huonekana mbili, na mtoto huambiwa hakudurusu.

Je, inarithiwa? Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Utafiti wa pacha wa kike nchini Uingereza, uliochapishwa mwaka 2001, uliwalinganisha pacha wa kufanana na wasiofanana, ukakadiria kwamba karibu nusu ya tofauti za astigmatizimu baina ya watu inatokana na urithi. Hakuna jeni moja inayobeba mzigo wote. Ndiyo maana mama mwenye macho mazima huweza kuzaa watoto wawili wenye tatizo na wa tatu asiye nalo, na ndiyo maana maneno ya mawifi kwamba “kwao ndiko kwenye macho mabovu” hayana msingi: mbegu hizo huchangwa na pande zote mbili.

Sasa tuje kwenye miwani. Lenzi ya astigmatizimu ina nguvu, na ina mhimili unaoandikwa kwa nyuzi, kuanzia 1 hadi 180. Mwanafalaki Mwingereza George Airy, aliyejitengenezeshea lenzi kama hiyo mwaka 1825, alilazimika kwanza kupima jicho lake mwenyewe linapinda kuelekea wapi. Mhimili ukikosewa kwa nyuzi 10, takribani theluthi moja ya kasoro hubaki. Ukikosewa kwa nyuzi 30, kasoro hubaki kubwa vilevile, kana kwamba mtu hakuvaa kitu. Kupita hapo, miwani huongeza tatizo.

Na umri una mchezo wake. Konea ya kijana kwa kawaida hupinda zaidi wima. Ya mzee huelekea kupinda zaidi mlalo. Mhimili wa mjukuu basi huwa karibu na nyuzi 180, wa babu karibu na 90. Hata kama nguvu za lenzi zingelingana kabisa, miwani ya babu ingeweza kuzidisha maradufu kasoro ya mjukuu. Mtoto akiivua na kuificha mkobani, mimi simlaumu.

Kumwandikia tu cheti nako hakutoshi. Jaribio lililofanywa katika sekondari za Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2008 lilionyesha kwamba baada ya miezi mitatu, asilimia 47 ya waliopewa miwani bure walikuwa wakiitumia au walikuwa nayo shuleni. Waliopewa cheti wakanunue wenyewe, asilimia 26. Nambari ya kwanza nayo si ya kujivunia, lakini pengo linaonekana.

Umri wa kuwahi ni mdogo. Watoto wachanga wengi huwa na astigmatizimu inayopungua yenyewe. Ile kubwa inayobaki bila miwani hadi miaka saba au minane huweza kuuzoeza ubongo kulipuuza jicho, na hapo miwani ya baadaye husaidia kidogo tu.

Kuna pia mtoto mwenye mzio anayesugua macho kutwa, na namba za miwani yake hubadilika kila mara. Huyo konea yake huenda inachongoka, hali ambayo nayo hufuata ukoo. Tafiti za Mashariki ya Kati zimeiona zaidi katika familia za ndoa za binamu, ndoa tunazozijua hapa pwani. Apelekwe Hospitali ya Bombo mapema, na ikibidi hospitali ya KCMC, Moshi.

Ombi langu kwa shule ni mstari mmoja tu katika fomu ya upimaji: majina ya ndugu wa mtoto aliyekutwa na astigmatizimu na madarasa yao, ili nao wapimwe, hasa wale wa chekechea ambao hawajaanza kusoma na hawawezi kulalamika.