Hotuba ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka Kumi

   

Awali ya yote sina budi kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa wazima. Wenzetu wawili tulioanza nao hawapo tena duniani, Mungu awarehemu. Viti vyao viwili vile pale mbele tumeviacha wazi kwa makusudi, mtu asikae.

Ndugu Mgeni Rasmi, mwezi wa tisa mwaka 2015 viongozi wa nchi za dunia walikutana New York kwenye Umoja wa Mataifa, wakakubaliana malengo 17. Lengo la kwanza kabisa lilikuwa kuumaliza umaskini wa kila aina, kila mahali, ifikapo mwaka 2030. Mwezi huo huo sisi wanawake 22 tulikutana uani kwangu chini ya mwembe, tukakubaliana kununua hisa ya shilingi 1,000 kila Jumamosi. Wao hawakuwa na habari zetu, na sisi hatukuwa na habari zao. Mimi yale malengo nimeyasikia mwaka 2017 kwenye semina, yamebandikwa ukutani. Nikamnong'oneza mwenzangu, "Kila mahali, na mtaa wetu umo?" Akanijibu, "Kama wameandika kila mahali, basi umo." Tukacheka. Lakini neno lile lilinikaa moyoni.

Mwezeshaji aliyetufundisha kuweka akiba alituambia kwamba sanduku letu hili lenye kufuli tatu lina asili ya mbali. Lilianzia nchi ya Niger, sehemu za Maradi, mwaka 1991, shirika la CARE lilipokaa na wanawake wa vijijini ambao wengi wao hawakujua kusoma. Hesabu waliziweka kichwani, kila mmoja anakumbuka ya kwake na ya jirani yake. Wakajiita kwa Kihausa Mata Masu Dubara, ndiyo kusema wanawake wenye maarifa. Kutoka huko utaratibu ukafika Zanzibar, halafu ukavuka bahari kuja bara, na leo tunauita VICOBA. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba vita vya umaskini vya dunia ni mambo ya wakubwa na ndege zao. Wanawake wa Niger hawakupanda ndege, na wametufikia Tanga.

Sasa niseme habari ya fedha za Jiji, kwa sababu ndiyo nilitakiwa niseme, na ndiyo wengi mnaiuliza.

Mambo yalianza na risiti. Tunaye mwenzetu anapika vitumbua, na ana tabia ya kutotupa karatasi. Kila ushuru aliolipa sokoni aliweka risiti ndani ya kopo la biskuti. Siku moja kwenye kikao akalimwaga lile kopo juu ya mkeka. Akasema, "Jamani, hizi ni za miaka miwili. Naomba mniambie zinakwenda wapi." Hakuna aliyejibu. Wauza samaki wakasema na wao wanalipa. Mwenye machungwa ya Muheza akasema na yeye analipa. Basi Mweka Hazina akatumwa kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata akaulize.

Jibu alilorudi nalo ndilo lililotuamsha. Ule ushuru wetu unaingia katika mapato ya ndani ya halmashauri, na katika mapato hayo sehemu ya kumi kwa mia ni ya kukopesha vikundi. Mpango wenyewe si mpya, una umri tangu miaka ya tisini, ila kila halmashauri iliutekeleza kwa kadiri ya moyo wake. Mwaka 2018 ukatiwa ndani ya sheria, kwamba katika kila mia, nne ni za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu, na riba hakuna. Hakuna riba, ndugu zangu! Sisi tuliozoea kukopa elfu hamsini na kurudisha elfu sabini, tulidhani Mweka Hazina amesikia vibaya, tukamrudisha akaulize tena.

Tukachagua watu wanne wa kufuatilia. Tuliwaita Kamati ya Miguu. Posho hawakuwa nayo, nauli walitoa wenyewe, na siku wakienda ofisini biashara zao zililala. Leo nataka wasimame wote wanne muwaone. Wapigieni makofi. Mmoja wao alikwenda ofisi ya kata mara kumi na moja, nimehesabu kwenye daftari.

Ombi letu la kwanza lilirudi, na kosa lilikuwa letu. Tulikuwa hatujui kuandika katiba, tukaazima ya kikundi kingine tukanakili. Tulinakili vizuri mno, hata jina la kile kikundi tukaliacha ukurasa wa tatu. Afisa akasoma, akatutazama, akauliza, "Ninyi ni akina nani hasa?" Tulirudi nyumbani kimya. Mimi darasa la saba nilimaliza mwaka 1984, na siku ile niliona aibu ya mtu ambaye hakusoma. Tukakaa Jumamosi tatu tukaandika katiba yetu wenyewe, kifungu kwa kifungu, na kila mmoja alikubali kwa kidole au kwa sahihi.

Halafu akaja kijana mmoja, simtaji, hakuwa mtumishi wa popote. Akasema yeye anajua njia, tumpe laki tatu, fedha zitatoka mwezi huo huo. Kikao kiligawanyika. Wapo waliosema tumpe, tumechoka kutembea. Mimi nakiri kwamba nilikuwa upande huo. Aliyetuokoa ni yule wa vitumbua. Alisema, "Kama ni haki yangu mbona naingojea kwa dalali?" Hatukumpa. Baadaye tukasikia vikundi viwili vya mbali vimetoa na hawakupata kitu.

Diwani ndiye aliyetushauri twende kwenye baraza. Kikao cha baraza la madiwani mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza, ila kusema haruhusiwi. Tukaenda wanawake kumi na wawili, kanga sare, tukakaa nyuma. Hatukusema neno. Diwani akasimama akauliza, katika makusanyo ya robo ile ni kiasi gani kimepelekwa kwenye mfuko wa wanawake. Watu wakageuka kututazama. Jibu likasomwa, na likaandikwa katika muhtasari. Mimi nasema bila kuficha, sheria ilikuwepo na fedha zilikuwepo, lakini zile kanga kumi na mbili zilisaidia. Fedha haina miguu, inafuatwa.

Mwezi wa kumi mwaka 2019 tukaingiziwa milioni sita katika akaunti. Tulinunua friza mbili za samaki na vyerehani vitatu, zilizobaki zikawa mtaji wa wapishi. Tulipewa miezi mitatu ya kujipanga, na rejesho likaanza Januari 2020, laki tano kila mwezi. Rejesho la Januari tukalipa, na la Februari tukalipa. Mwezi wa tatu ikaja korona, shule zikafungwa hadi mwisho wa mwezi wa sita. Nani atanunua vitumbua mia mbili kama watoto wako nyumbani?

Hapa ndugu zangu nina jambo la kusema ambalo baadhi yenu mnalijua na wageni hawalijui. Katika waliochelewesha rejesho mwaka ule, wa kwanza nilikuwa mimi Mwenyekiti. Mume wangu alilala hospitali, nami nilikuwa na fedha za rejesho za watu sita mkononi nipeleke benki Jumatatu. Sikuzipeleka. Nilisema nitazirudisha wiki ijayo, na wiki ijayo ikawa miezi miwili. Nilikuja mbele ya kikao nikasema, nikapigwa faini, nikavuliwa ufunguo wa sanduku mwaka mzima. Faini ile ilikuwa haki. Deni la Jiji tulilimaliza Machi 2021, tumechelewa, lakini tumelimaliza, na stakabadhi ya mwisho ilikwenda kukaa ndani ya lile lile kopo la biskuti.

Nimelisema hili kwa sababu ya yaliyofuata. Aprili 2023 Serikali ilisimamisha mikopo hii nchi nzima. Mkaguzi Mkuu alikuwa ameonyesha mabilioni ya shilingi hayajarejeshwa, na vikundi vingine vilivyokopeshwa havikuwepo, ni majina matupu. Sisi tulikuwa na ombi la pili mezani, na fundi wa mashine ya kukuna nazi tulikwisha mpa kishika uchumba. Kile kishika uchumba kilipotea. Niliwasikia wanachama wakiilaumu Serikali, na mimi nililaumu. Lakini usiku nikiwa peke yangu nilijiuliza, katika yale mabilioni, ni wangapi walikuwa kama mimi, wasio wezi, waliosema tu wiki ijayo?

Ule mwaka na zaidi ndio uliotupima. Kamati ya Miguu haikukaa. Walizunguka mitaa minne wakifundisha vikundi vingine kuandika katiba na daftari, na kujisajili kama inavyotaka Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Hisa yetu tukaipandisha kufika shilingi 2,000. Mwaka 2024 mikopo ikarudishwa, na taratibu zimekaza. Halmashauri kumi zilichaguliwa kujaribu kukopesha kwa kupitia benki. Siku hizi maombi yanaingizwa kwenye kompyuta, kila mtu na namba yake ya kitambulisho cha taifa, na wajukuu zetu ndio makarani wetu. Tulipoulizwa kama mkopo wa zamani ulikwisha, tulipeleka kopo la biskuti zima zima. Machi mwaka huu wa 2025 tumepata milioni kumi na mbili, na mashine ya kukuna nazi mliyoiona pale mlangoni ndiyo hiyo.

Rejesho ni milioni moja kwa mwezi. La Julai na la Agosti tumelipa wenyewe. La Septemba, wageni mtanisamehe kwa kuanika nguo zetu mbele yenu, tumelipa kwa kuazima mfuko wa jamii, kwa sababu wenzetu watatu hawakuleta. Na katika hao mmoja amekwenda kukopa kwa watu wa kausha damu ili atulipe sisi. Amechukua laki mbili, anarudisha kila siku, na jioni wanamgongea mlango. Jamani! Tumetembea miaka yote ile tupate fedha isiyo na riba, halafu mwenzetu anaifidia kwa fedha inayonyonya damu, kwa kuona haya kusimama mbele yetu.

Kuna aliyependekeza twende tukachukue kitanda na masufuria kwa hao watatu, kama vikundi vingine vinavyofanya. Mimi sikubali na sitakubali nikiwa kwenye kiti hiki. Masufuria ya mpishi ukiyachukua atakulipa kwa nini? Ninachotaka ni waje waseme. Mimi nilisema, na bado mnaniita Mwenyekiti. Na wale wa kausha damu, kikundi kimlipie mwenzetu deni lile likatike mara moja, halafu atulipe sisi polepole. Najua wapo wasiopenda. Tutapiga kura.

Kwa sababu fedha tunazorudisha hazilali, zinakopeshwa kikundi kingine. Katika mitaa ile minne tuliyofundisha vipo vikundi saba vinangoja zamu, na baadhi yao wamo humu ukumbini wamekaa nyuma, kama sisi tulivyokaa nyuma kwenye baraza. Nikiwatazama siwezi kula pilau vizuri.

Ndugu Mgeni Rasmi, ombi letu kwako ni moja, wala si fedha. Tunaomba kila robo mwaka ibandikwe karatasi kwenye ubao wa kata na pale sokoni, inayoonyesha mapato ya Jiji yaliyopatikana, zile nne za wanawake ni shilingi ngapi, kikundi gani kimepewa na kimerudisha kiasi gani. Na jina letu liwemo, na kama tumechelewa iandikwe tumechelewa. Anayelipa ushuru wa meza asimame asome.

Nawashukuru Afisa Maendeleo wetu, diwani, wenyeviti wa mitaa, waume zetu waliolala njaa siku za vikao, na vijana waliofunga maturubai tangu alfajiri. Chakula kiko tayari. Wanachama, Jumamosi kikao kipo palepale saa tisa alasiri, sherehe haikifuti. Wenye funguo waje mapema, na daftari la madeni ndilo litakalofunguliwa kwanza.