Mama Lishe Aombe Likizo kwa Nani?

Juzi nilipita Vingunguti, hapa Dar es Salaam, nikaketi kwenye benchi la mama lishe mmoja na kuagiza chai na vitumbua. Nyuma yake, juu ya kanga iliyotandikwa ndani ya boksi, alilala mtoto wa wiki tano. Mtoto alipolia, binti wa miaka kama kumi akamnywesha kwa kijiko maji yenye sukari. Mama hakugeuka. Chuma cha vitumbua kilikuwa motoni na wateja tulikuwa sita.

Nikamwuliza, kwa upole kadiri nilivyoweza, kama kliniki hawakumwambia lolote. Akacheka.

"Waliniambia vizuri tu, dada. Maziwa ya mama matupu, miezi sita. Sasa nikikaa kunyonyesha kila anapolia, hawa wengine watatu watakula nini? Na mimi mwenyewe tangu alfajiri nina chai ya rangi tumboni. Maziwa yatoke wapi?"

Swali hilo la mwisho lina jibu. Mama asiyekula vizuri naye hutoa maziwa, na kinachoyaongeza ni mtoto kunyonya. Akijazwa maji ya kijiko hunyonya kidogo, maziwa hupungua, na mama huamini kweli hayatoshi. Kama ni kiu ya joto letu hili, karibu asilimia 88 ya maziwa hayo ni maji, tena salama kuliko ya dumu la mkokoteni. Na ile dang'a ya njano, ambayo baadhi ya bibi huamuru ikamuliwe na kumwagwa eti ni chafu, ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto. Anatakiwa aipate ndani ya saa moja tangu kuzaliwa.

Bibi hao tusiwalaumu sana. Hadi mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lenyewe lilikuwa likitaja miezi minne hadi sita.

Swali la kwanza ndilo lililonikwama kooni pamoja na kitumbua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi kazini anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Mwaka 2007 mimi nilizipata saa hizo, zikaishia kwenye daladala. Nilifika nyumbani blauzi imelowa maziwa, mwanangu wa miezi minne amelala, uji tumboni. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimesoma redioni tangazo la kuwahimiza akina mama wanyonyeshe. Nililisoma vizuri sana.

Ikiwa mwenye mshahara na sheria mgongoni alishindwa, huyu wa Vingunguti aombe ruhusa kwa nani? Bosi wake ni sufuria. Kila wiki ya kwanza ya Agosti tunamhubiria kana kwamba tatizo lake ni ujinga. Masoko tunayojenga tunayawekea vyoo na ofisi ya ushuru. Chumba chenye mkeka na maji ya kunawa, ambamo mwanamke anayelipa ushuru huo angeweza kukaa na mwanawe, kingemeza meza ngapi? Mbili? Na akina baba, mnaosubiri chai mezani, mtoto huyo ni wa nani?

Nilimweleza kwamba anaweza kukamua alfajiri, akaweka kwenye kikombe safi chenye kifuniko, mahali penye ubaridi, binti akampa mtoto kwa kikombe hicho hicho kabla ya saa tatu kupita. Alisikiliza huku akigeuza vitumbua. Mtoto akalia tena.

"Basi dada, nishikie hapa."

Nikashika kijiko. Vitumbua vinne viliungua na mteja mmoja akaondoka akinung'unika. Mtoto alinyonya robo saa nzima.